Kijijini kwetu kuna kitongoji kinaitwa Stesheni ila reli hakuna. Ilienda wapi?

mmwera_wa_mjini

Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kimenikaa kichwani tangu nilipoenda kumzika mjomba mwezi uliopita, naomba wenye kujua historia mnisaidie. Wa utani nawajua mpo, ila kwanza nijibiwe.

Kwetu ni kusini, njia ya kutoka Mtama kwenda Nachingwea, kijiji sitakitaja maana nusu ya ukoo wako humu. Kuna kitongoji kinaitwa Stesheni. Tumekua tukisema naenda Stesheni, kuku kapotelea Stesheni, na hakuna mtoto aliyewahi kuuliza stesheni ya nini, wakati ukitaka kuona treni kwa macho mpaka uende Dar. Pale pana banda la matofali, paa lilishaondoka zamani, zamani kidogo lilikuwa ghala la korosho la chama cha msingi. Ukuta wa mbele una kidirisha kidogo, kama cha kupitishia mkono tu, kwa nyumba ya kuishi hakina maana yoyote. Nje kuna kibaraza cha zege kirefu kuliko banda lenyewe, kimeinuka usawa wa goti. Nyuma yake kuna duara la zege chini, sisi tunaliita sahani, tumecheza sana kombolela pale. Na kengele ya shule ya msingi ni kipande cha reli kimening'inizwa kwenye mwembe, hiyo mpaka leo inalia na unaisikia mpaka mtoni.

Sasa bibi yangu, ana miaka 80 na ushee, anasema treni ilikuwepo na yeye akiwa binti mdogo alikuwa anawauzia abiria mihogo ya kuchemsha madirishani. Hapo sawa. Ila anasema treni ya mwisho kuiona ilikuja kinyumenyume, na ilipopita ikaondoka na njia yake. Ndivyo anavyosema, "ikaondoka na njia yake". Wajomba wanacheka, wanasema bi mkubwa umri umeshaenda. Lakini huyu huyu bibi anakumbuka nani alikopa debe la ufuta mwaka gani na kama alilipa, sasa akili ichoke kwenye treni tu?

Kwaio nauliza, hii reli ilikuwa ya nani, ilijengwa lini, na ilienda wapi? Na hiyo habari ya kinyumenyume kuna anayeielewa?

msaka_rupia

Hiyo ni ya Mjerumani mkuu. Usiongee sana hadharani. Hiyo sahani unayosema msiichezee chezee, chini yake kuna mzigo. Njoo pembeni tuongee.

mmwera_wa_mjini

Hahaha umechelewa kaka, kuna watu walikuja na mganga wao na sururu, wamechimba ubavuni mwa sahani siku tatu, wamekutana na mizizi ya mkorosho wakaondoka usiku bila kuaga. Shimo wametuachia sisi, mbuzi wa jirani kavunjikia mguu mle.

Ramani_Kichwani

Mleta mada uzi mzuri sana huu, ngoja nikae vizuri.

Kwanza tumtoe Mjerumani. Huku kwetu kila tofali la zamani lazima liwe la Mjerumani, sijui nani alituroga. Mjerumani kusini aliondoka Novemba 1917 pale kamanda wao Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma kuingia Msumbiji, mwezi mmoja tu baada ya vita ya Mahiwa ambayo ilipiganwa hapo hapo jirani zenu, upande wa Nyangao. Kilichokuwepo enzi hizo ni kijireli chembamba cha vitoroli kutoka Mingoyo kupanda bara, sio treni ya mabehewa yenye abiria wa kununua mihogo.

Reli ya bibi yako ni ya karanga. Ndio, karanga. Baada ya vita ya pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, watu wanapewa kwa mgao. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, akapeleka wazo kwa serikali yake kwamba Tanganyika kuna ardhi tele, ifyekwe, ilimwe karanga kwa matrekta. Serikali ikalikubali, waziri wa chakula John Strachey akalibeba kama lake. Mpango ulikuwa kufyeka ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, na kusini ndiko kulikotegemewa kubeba sehemu kubwa. Kazi ikaanza 1947 kule Kongwa kwa sababu Kongwa iko karibu na Reli ya Kati, kusini hakukuwa na reli wala bandari ya maana. Lindi bandari ni ya maji mafupi, meli inatia nanga mbali, mzigo unashushwa kwa matishari. Utashusha vipi matrekta mia kwa mtindo huo?

Ndo wakaamua mambo mawili kwa pamoja, bandari mpya ya kina kirefu Mtwara na reli mpya ya kupanda Nachingwea. Bandari ingechukua muda kwaio hawakuisubiri, reli wakaanza kuijenga kutokea Mkwaya, mkononi mwa bahari kule nyuma ya Lindi, na mwaka 1949 treni ikafika Nachingwea. Mtwara gati lilikuja kukamilika 1954 na njia ikaunganishwa mpaka huko. Baadae wakaongeza tawi la Masasi.

Sasa angalia hiyo miaka tena. Mradi wa karanga ulifutwa Januari 1951. Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba zaidi ya pauni milioni 36 zimepotea. Yaani bandari imekuja kukamilika miaka mitatu baada ya kile kilichofanya ijengwe kufa! Ni kama kushonesha suti ya harusi fundi akakuletea siku unayotoka mahakamani kwenye talaka.

bint_mikindani

Ramani nimecheka hiyo ya suti lakini ni kweli kabisa. Na sisi wa Mtwara tunaishi ndani ya hiyo suti. Ukitaka kujua nenda pale mjini uone mabarabara mapana na mapengo kati ya mtaa na mtaa, mji ulichorwa kwa ajili ya watu wengi mno ambao hawakuja. Kabla yake mji ulikuwa Mikindani, wa Waarabu na Waswahili, wenye majumba ya mawe, Mtwara ilikuwa vijiji vya wavuvi. Karanga ndo zimetuletea mji, na hata kilo moja ya maana haijawahi kupita hapo bandarini lol. Bandari yenyewe lakini ni nzuri jamani, kina chake ni cha asili, tusiiseme vibaya. Leo inapakia korosho.

Njugumawe

Naongezea kidogo nikiwa mtu wa Kongwa. Sisi tulipewa tawi la reli kutoka Msagali, nalo halipo, liliondoka kama la kwenu. Babu alikuwa anasema wazungu walikuja mwaka ambao majani yamesimama vizuri wakadhani kila mwaka ni hivyo. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi, kiangazi unakuwa zege, jembe la trekta linakunjika, karanga zimekomaa chini huwezi kuzitoa. Na mvua zetu mnazijua. Vifaru vya vita vilitolewa mizinga vikageuzwa kuwa matrekta, navyo vikashindwa na mibuyu. Mbegu walizonunua zilizidi mavuno. Huo ndo ukweli wa mradi mzima.

mmwera_wa_mjini

Daah. Yaani nimekaa miaka yote hii najua karanga za kukaanga tu. Sasa Ramani, kama mradi ulikufa 1951, mbona bibi aliuza mihogo kwenye treni? Mwaka huo yeye alikuwa bado mtoto mdogo sana.

Ramani_Kichwani

Swali zuri. Reli haikufa na mradi. Ilikuwa chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lile lililoundwa 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya, Uganda na Tanganyika, wakaendelea kuiendesha miaka kumi na zaidi. Ilibeba korosho, ufuta, mihogo mikavu, magogo, na watu. Shida ni kwamba mzigo wa kwenu ni wa msimu. Korosho zinaanza kuokotwa mwezi wa kumi hivi, miezi michache treni inajaa, halafu miezi iliyobaki inapanda na kushuka na magunia mawili na mama mwenye kuku. Stesheni masta analipwa, fundi analipwa, gengi la watu wa kutunza njia linalipwa, hasara kila mwaka. Na reli yenyewe ilikuwa kisiwa, haikugusana na Reli ya Kati wala ya Tanga popote, kwaio hata kichwa cha treni kikiharibika cha akiba kinaletwa kwa meli.

Mwanzoni mwa miaka ya 60, uhuru tumeshapata, ikafungwa na ikang'olewa. Ajabu ni kwamba kipindi hicho hicho kaskazini ilikuwa inajengwa njia ya Ruvu mpaka Mnyusi kuunganisha Reli ya Kati na ya Tanga, ilifunguliwa 1963. Huku tunafunga, kule tunafungua. Mimi binafsi naona ilikuwa haraka mno, wangevumilia miaka kumi tu, maana korosho baadae zilipanda sana. Ila pesa ya kuvumilia ingetoka wapi, hilo sina jibu.

Kiberenge

Shikamooni wakubwa, marahaba kwa wadogo. Sikutaka kuandika maana vidole vyangu na hizi simu haviivani, ila hii habari ya bibi imeniinua kitini. Nimezaliwa gengi, baba alikuwa nyapara wa gengi Reli ya Kati, mimi mwenyewe nimefanya kazi njiani miaka mingi mpaka nimestaafu. Kusini sikufanya kazi lakini reli ni reli.

Bibi yako hajachanganyikiwa hata kidogo, kijana. Waambie wajomba wakamwombe radhi.

Sikiliza. Ukitaka kung'oa reli huanzii popote unapopenda. Vipande vya reli ni vizito, kimoja kinataka watu wengi kukibeba, na mataruma, yale ya chuma yanayolazwa chini ya reli, nayo yapo maelfu. Utavibeba na nini? Na treni yenyewe. Na treni inapita juu ya nini? Juu ya reli hiyo hiyo. Kwaio unaanzia mwisho kabisa wa njia, kule bara, unarudi nyuma kuelekea bandarini. Kichwa kinasukuma mabehewa matupu ya wazi mpaka pale njia inapoishia, watu wanafungua, reli na mataruma yanapakiwa, treni inarudi nyuma kidogo, wanafungua tena, inarudi tena. Kule porini hakuna pa kugeuzia kichwa, kwaio kimepanda kimetazama bara na kitashuka hivyo hivyo kimetazama bara, kinakwenda kinyumenyume mpaka baharini. Mtu aliyesimama kijijini ataona treni inakuja kwa mgongo, polepole, siku nzima, na ikishapita mbele ya macho yake hakuna kitu kimebaki isipokuwa kokoto.

"Ikaondoka na njia yake." Nimefanya kazi hii maisha yangu yote sijawahi kusikia mtu amelisema vizuri hivyo.

Sasa jengo lako. Hicho kidirisha kidogo ni cha tiketi. Tiketi zilikuwa za karatasi ngumu, ndogo, upana wa vidole viwili, karani anaitia kwenye kimashine inagongwa tarehe, anakusukumia kwenye hicho kitundu. Sahani naamini ni kitako cha tanki la maji, maana treni ya mvuke inakunywa kuliko ng'ombe, haiwezi kupanda bara yote bila kunyweshwa njiani. Wanaochimba hapo watapata kutu. Na nikuulize, uwanja wa mpira wa hapo kijijini uko mbele ya hicho kibaraza, si ndio? Tena mrefu, umekaa sawa kabisa wakati kijiji chote kina miinuko?

mmwera_wa_mjini

Mzee shikamoo. UMEJUAJE?? Uko hapo hapo mbele, na ni mwembamba, kona zinapigwa mtu amesimama kwenye migomba.

Kiberenge

Marahaba. Hapo palikuwa na njia mbili, mwanangu. Reli ile ni ya njia moja, treni mbili zikikutana moja lazima isubiri pembeni, na mahali pa kusubiri lazima pasawazishwe urefu wa treni nzima, usiposawazisha mabehewa yatateleza yenyewe. Ndo kazi kubwa ya stesheni ndogo kama ya kwenu, sio abiria. Stesheni masta anaongea na mwenzake wa mbele, akipewa laini kilia, yaani njia iko wazi, ndo anamruhusu dereva. Bila hiyo hata awe rais ndani ya behewa haondoki.

Ukitaka kuifuata njia yenyewe ni rahisi, hata bila ramani. Tafuta kijinjia ambacho hakipandi kilima. Binadamu akitengeneza njia anapanda moja kwa moja, reli haiwezi, inazunguka taratibu. Ukiona njia imejikunja kona kubwa laini katikati ya mikorosho bila sababu, ikakata kilima kama mkate, halafu mbele ikainuka juu ya tuta kuvuka bonde, hiyo ni reli. Chini ya tuta utakuta kalavati la zege. Makalavati hawakuyang'oa, hayabebeki.

Ramani_Kichwani

Na kwenye picha za satelaiti zinaonekana hizo kona, hasa kiangazi. Mzee Kiberenge heshima yako.

bint_mikindani

Mimi swali langu la pembeni. Tunaambiwa kila siku reli mpya ya Mtwara mpaka Mbamba Bay, na matawi ya Mchuchuma kwenye makaa na Liganga kwenye chuma. Ikija itapita kwenye tuta la zamani?

Kiberenge

Haiwezi binti. Ile ya zamani ilikuwa ya mita moja kati ya reli na reli, nyepesi, kona kali. Hizi za sasa ni milimita 1,435 na zinataka mwendo kasi, kona zile zitaipindua. Hata TAZARA ambayo ni milimita 1,067 haiingiliani na Reli ya Kati, ndo maana Kidatu mizigo inahamishwa kutoka behewa hadi behewa. Ikija itakata njia yake mpya. Tuta la zamani waachieni pikipiki.

Njugumawe

Ikija.

msaka_rupia

Mzee Kiberenge kwaio chini ya tanki hamna kitu kabisa? Hata kidogo?

Kiberenge

Kuna bomba. Ukilipata niletee.

Mleta mada, jambo moja la mwisho. Hiyo kengele ya shule. Ubavuni mwa reli, kwenye kiuno chake, huwa kuna maandishi yametokeza, yanatoka kiwandani chuma kikiwa moto, jina la kiwanda, uzito na mwaka. Chukua karatasi nyepesi, ibandike, sugua na kipande cha mkaa, yatatokea. Ila usishangae mwaka ukiwa wa nyuma kuliko 1949, reli huwa inahamishwa ikatumika tena, kama shati la kaka mkubwa.

mmwera_wa_mjini

Wakuu nimerudi. Samahani kwa kimya, ilibidi nisubiri likizo.

Nimeenda. Kwanza nimemsomea bibi maneno ya mzee Kiberenge neno kwa neno, wajomba wawili wapo. Hakusema kitu, kaendelea kupepeta mchele wake. Baadae kaniambia mambo ambayo hakuwahi kusema, kwamba siku ile walikaa kwenye kibaraza wanawake watupu na masinia ya mihogo, wanaume wanang'oa njia wakawa wanakuja kununua kwa zamu, na yeye aliuza yote mpaka ya kesho ilibidi akachimbe jioni ile. Anasema hakuna siku aliyouza vizuri kama ile. Kesho yake wakatoka tena na masinia, hakukuwa na mtu.

Halafu nimetembea. Kona kubwa laini ipo, nimeikanyaga miaka yote nikienda shamba, ndo ile njia ambayo bibi alikuwa anatukataza kupita usiku. Kalavati nimelikuta, limeandikwa kwa mkaa majina ya vijana waliopendana.

Kengele nimeisugua. Mwalimu mkuu alinipa ngazi na karatasi ya mtihani uliopita. Herufi zimetokea chache hazijakamilika, alama mbili tatu na mwanzo wa mwaka, 19, wazi kabisa. Baada ya hapo kuna kidimbwi kimebonyea, laini, kinang'aa kama kijiko, ndo pale pale nyundo inapogonga. Miaka sitini ya watoto wa zamu, na mimi nikiwa mmoja wao, darasa la sita nilikuwa mgonga kengele, tena nilikuwa nagonga kwa nguvu ili wasikie mpaka mtoni.

Nilikuwa bado juu ya ngazi nashangaa, mwalimu akaniuliza kwa upole kama nimemaliza, saa nne imeshafika na watoto wanasubiri kwenda kunywa uji.